DENI LA MASOMO NA MSHAHARA WA KESHO

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, shauri moja hurudi katika nyumba nyingi za Upare, tangu milima ya Usangi na Ugweno hata ukingo wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kijana amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Ataka kusomea uuguzi, au utabibu, au maabara, au famasi, kwa stashahada ya miaka mitatu. Barua ya chuo imekwisha fika, na ndani yake mna karatasi ya ada. Baba aitazama karatasi, kisha autazama mtumbwi wake na nyavu zake. Mama ahesabu hisa zake katika kikundi cha kuweka na kukopa. Swali ni moja: je, tukope? Na tukikopa, mshahara wa mtoto utaweza kulilipa deni?

Swali hili ni la heshima, wala si dalili ya ubahili. Mzazi anayeuliza kwanza ampenda mwanawe kuliko yule anayekopa upesi ili majirani wasimseme. Twapenda leo kulichambua kama somo, na kwa tarakimu, maana katika mambo ya fedha maneno matupu hayajazi kibaba. Hatuandiki ili kuwavunja vijana moyo. Kazi ya kumhudumia mgonjwa ni njema, na nchi yetu yaihitaji sana. Bali wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Yafaa kuyafikiri matanga siku ya harusi.

GHARAMA KAMILI

Kosa la kwanza katika hesabu hii ni kuihesabu ada peke yake. Ada ni sehemu tu ya mzigo. Hapana budi kuongeza malazi, chakula, sare, vitabu, nauli, bima ya afya, ada ya mitihani, gharama za mazoezi ya kazi hospitalini, na mwishoni kabisa ada ya kusajiliwa katika baraza la taaluma. Jambo hili la mwisho wengi hulisahau. Muuguzi hawezi kufanya kazi bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mfamasia na mtaalamu wa maabara nao wana mabaraza yao. Cheti kisicho na leseni ni kama mtumbwi usio na kasia.

Tuchukue mfano. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na mahitaji mengine yote ni shilingi 900,000. Jumla ni 2,400,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Vyuo vyatofautiana, kila mzazi na aweke tarakimu za chuo chake mahali pa hizi zetu. Ila asiache kuzidisha kwa tatu. Wengi huihesabu ada ya mwaka wa kwanza, wakaipata, wakashangilia. Mwaka wa pili kijana akarudishwa nyumbani na vitabu vyake, ameacha fedha chuoni asiweze kuzipata tena wala kupata cheti. Miongoni mwa madeni yote, hakuna lililo chungu kama la masomo yaliyokatika katikati.

Tena kuna gharama isiyoandikwa katika karatasi yo yote. Baba akiuza mashine ya mtumbwi ili alipe ada, watu husema, "Yule hakukopa." Sisi twaona amekopa. Amekopa kwa wadogo zake kijana, ambao chakula chao na madaftari yao vilitoka katika mtumbwi ule. Kuuza mazao ni kutumia pato. Kuuza chombo cha kazi ni kulikausha pato lenyewe. Deni la namna hii halina mkataba wala riba, lakini hulipwa kila siku mezani.

UHITAJI SI AJIRA

Kosa la pili ni kufikiri kwamba palipo na wagonjwa wengi, basi pana ajira nyingi. Twaelewa kwa nini watu hufikiri hivyo. Nenda zahanati yo yote ya kijiji utakuta foleni ndefu na mhudumu mmoja aliyechoka. Wakati huo huo, katika kijiji kile kile, yuko binti mwenye stashahada anayekaa nyumbani. Mambo haya mawili yawezekanaje pamoja? Yawezekana kwa sababu mgonjwa huleta uhitaji, lakini mshahara huletwa na bajeti. Pasipo kibali cha ajira na fungu la fedha, nafasi hubaki wazi hata miaka. Mwezi Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na wahitimu wa wakati ule wakasubiri muda mrefu. Walikuwa wamesoma vema wala hawakuwa na kosa lo lote, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Wengine walitegemea miradi ya wafadhili. Miradi hiyo ilipokuwa na fedha, ililipa vizuri kuliko wengi. Lakini mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI katika nchi za Afrika, yetu ikiwamo, ikatikisika, na watumishi wa mkataba wakarudi nyumbani ghafula. Mkataba wa mradi ni kazi halali, lakini haifai kuwekea juu yake deni la miaka mingi.

Watu wa Nyumba ya Mungu walijua jambo hili kabla ya wengine. Bwawa hili, ambamo maji ya Ruvu na Kikuletwa hukutana, lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na kilimo. Lilipojaa, samaki walizaliana ajabu, na wavuvi wakaja kutoka pande nyingi za nchi. Mwaka 1970 mavuno yalipita tani 20,000. Kila aliyekuwa na senti alinunua nyavu. Miaka michache baadaye mavuno yakaanguka vibaya, na aliyenunua nyavu kwa mkopo akabaki na nyavu na mkopo, samaki hayupo. Aliyekopa wa mwisho ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alizitazama furushi za samaki za mwaka uliopita, asiyatazame maji ya mwaka ule.

Masomo nayo yana mavuno yake. Fani ambayo kila mtu aikimbilia leo itakuwa na wahitimu wengi baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Binti wa fulani alipata kazi?" Aulize, "Alihitimu mwaka gani, na wale waliohitimu mwaka jana wako wapi?"

MSHAHARA BAADA YA MAKATO

Sasa tuutazame mshahara. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na mwenye stashahada ya afya huanza juu ya kima hicho. Katika zahanati na maduka ya dawa ya watu binafsi mambo hutofautiana sana, na wako wanaopokea chini ya hapo. Tena wengi huanza kwa kujitolea, wakipewa posho ndogo, au wasipewe kitu.

Tuseme kijana wetu apata 600,000 kwa mwezi. Asidhani atazipokea zote mkononi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, huchukua asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, ni 24,000. Ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Zinabaki 426,000. Kutoka humo atalipa chumba, chakula na nauli, na nyumbani nao wanamngoja.

Tuseme tena kwamba hakupata kazi hiyo, bali amepata ya 350,000 katika zahanati ya mtu binafsi. Hifadhi ya jamii 35,000, kodi 3,600, mkopo 52,500. Zinabaki 258,900. Kama mkopo wake wote ulikuwa shilingi 5,000,000, katika kazi ya kwanza ataumaliza kwa miezi 56, yaani miaka minne na miezi minane. Katika kazi ya pili atahitaji miaka karibu minane. Deni ni lile lile na cheti ni kile kile. Kilichobadilika ni mlango aliouingia.

MADENI HAYALINGANI

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Watu huuliza, "Deni ni kubwa kiasi gani?" Ni swali zuri, lakini liko jingine lililo zito zaidi: "Deni laanza kulipwa lini?" Deni baya kuliko yote ni lile linaloanza kudai kabla mshahara haujaanza kuingia.

Mkopo wa Bodi, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, una sifa ya kungoja. Mwanafunzi halipi akiwa darasani. Mwaka 2021 serikali iliifuta tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilikuza deni, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Tangu hapo, mbali na ada ndogo ya uendeshaji, anayekopa hurudisha kile alichokopa. Ni kweli kwamba makato yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15, na jambo hilo liliwaumiza wengi. Hata hivyo, makato haya huufuata mshahara: mshahara ukiwa mdogo, makato nayo huwa madogo.

Mkopo wa mtaani haungoji. Mwezi wa kwanza wa masomo ndio mwezi wa kwanza wa marejesho. Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Tarakimu hiyo yaonekana ndogo. Basi tuihesabu: mkopo wa shilingi 2,000,000 huzaa riba ya 70,000 kila mwezi. Mzazi asiyeweza kuupunguza mkopo wenyewe, akawa analipa riba tu ili asisumbuliwe, baada ya miezi 36 ya masomo atakuwa amelipa 2,520,000, na zile 2,000,000 bado anadaiwa. Na hao ndio wenye leseni. Wale ambao watu wamewaita "kausha damu" hutoza zaidi, nao hushika kadi ya benki, au televisheni, au hati ya shamba. Jina hilo halikubuniwa na wasomi; lilibuniwa na waliokaushwa.

Kati ya hizo mbili kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hicho ni chombo chema, na riba yake hurudi kwa wanachama wenyewe. Lakini kikundi hukopesha kwa miezi michache, hali masomo ni ya miaka mitatu. Chafaa kwa kuziba pengo la muhula mmoja, hakifai kubeba safari nzima. Aliyekigeuza kuwa mfuko wa masomo mwishowe hugombana na jirani zake, akapoteza fedha na udugu pamoja.

NANI HUPATA DENI LINALONGOJA

Katika mwaka wa masomo 2023/24 ulianza mpango wa Bodi wa kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikatengwa shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi wapatao 8,000. Habari hii iliwafurahisha wengi, lakini wachache waliisoma orodha mpaka mwisho. Kwa upande wa afya, orodha ya mwaka ule ilitaja tiba ya meno na ufundi wa maabara ya meno, mionzi, tiba kwa mazoezi, tiba kwa kazi, upimaji wa macho, viungo bandia, kumbukumbu za afya, na uhandisi wa umeme na vifaa tiba. Uuguzi, utabibu wa jumla, famasi na maabara ya hospitali, yaani zile fani ambazo vijana wetu wengi huziomba, hazikuwamo.

Tazama basi mambo yalivyokuwa. Deni jepesi, lile linalongoja, lilikuwa limewekwa mbele ya milango isiyo na foleni. Deni zito, lile lisilongoja, lilibaki kwa wale waliosongamana mlango mmoja. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, na fani huweza kuongezwa au kupunguzwa. Kwa hiyo mzazi asome wa mwaka wake, asitegemee wa jirani. Ila funzo linabaki: kabla ya kuchagua fani, uliza ni fani ipi inayokopesheka na ni ipi yenye wahitimu wachache.

Nasi tuna bahati ya kuwa karibu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa miaka mingi imefundisha tiba kwa mazoezi, tiba kwa kazi na utaalamu wa macho. Na tangu mwaka 1981 kipo hapo chuo cha kutengeneza viungo bandia, TATCOT, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha uhandisi wa umeme na vifaa tiba, na katika bajeti ya 2023/24 serikali ilitangaza kuifuta ada ya wanafunzi wanaojiunga na chuo hicho, pamoja na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kijana wa Lang'ata aweza kuvifikia vyuo vya Moshi na Arusha kwa basi asubuhi moja. Wangapi wamekwenda kuuliza? Wengi hawajui hata kwamba yuko fundi anayetengeneza mashine ya kupimia damu inapoharibika, na kwamba hospitali isiyo na fundi huyo huifunika mashine kwa shuka ikakaa.

Hatusemi uuguzi uachwe. La hasha! Mwenye wito wa kazi hiyo na aende, nasi twamtakia heri. Twasema tu: akienda, ajue kwamba yamkini analipia njia hiyo kwa fedha taslimu au kwa deni lisilongoja, na aipime hesabu yake kwa ukali zaidi.

KIPIMO

Mataifa mengine yamelifikiri jambo hili kabla yetu. Nchini Marekani, ambako kuna vyuo vya miaka miwili vya kufundisha kazi za hospitali, washauri wengi huwaambia vijana kwamba jumla ya mikopo isizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Serikali ya huko iliweka kanuni mwaka 2014 ya kuvipima vyuo vya kazi: ambapo malipo ya mkopo ya wahitimu yalizidi asilimia 8 ya mapato yao ya mwaka, na pia kuzidi asilimia 20 ya kile kilichobaki baada ya mahitaji ya lazima, kozi ilitiwa katika hatari ya kunyimwa fedha za mikopo. Kanuni ilifutwa mwaka 2019, ikarudishwa kwa sura mpya mwaka 2023. Huko, basi, hupimwa chuo. Kwetu twampima mwanafunzi tu, na chuo hakiulizwi wahitimu wake wako wapi.

Tukikitumia kipimo kile cha mshahara wa mwaka mmoja, zile 7,200,000 za mfano wetu ni sawa kabisa na mshahara wa mwaka wa yule apataye 600,000. Yaonekana ni sawa. Lakini kwa yule wa 350,000, ambaye kwa mwaka hupata 4,200,000, deni hilo lapita mshahara wa mwaka mmoja na miezi minane. Na kwa yule anayejitolea, halina kipimo. Kwa sababu hiyo twashauri kipimo cha kwetu kiwe kikali zaidi, nacho kina sehemu nne.

Kwanza, pima deni kwa mshahara wa chini ambao kijana aweza kuupata, si kwa ule wa juu unaousikia. Jumla ya kila kilichokopwa isipite mshahara huo wa mwaka mmoja.

Pili, tenga mwaka mmoja wa kungoja kazi. Kama nyumba haiwezi kuyabeba marejesho mwaka huo bila mshahara wa kijana, deni hilo halifai.

Tatu, usiuze wala kuweka rehani chombo cha kazi, wala shamba la chakula. Mbuzi huzaliwa tena, shamba halizaliwi.

Nne, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na baraza la taifa la mafunzo ya ufundi, NACTVET. Usiridhike na bango la barabarani wala maneno ya wakala. Kozi isiyosajiliwa ni hasara kwa bei yo yote, hata ikiwa rahisi.

Kipimo hiki kikikataa, si kusema kijana asisome. Yaweza kuwa aombe chuo cha serikali chenye ada nafuu, au fani inayokopesheka. Yaweza kuwa afanye kazi mwaka mmoja na kuweka akiba. Yaweza pia kuwa aende kidato cha tano, ambako ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2022/23, na kutoka huko aingie kwa mlango mwingine. Mwaka mmoja wa kungoja kabla ya masomo hauumizi kama miaka minane ya kulipa baada yake.

Tunawasihi wazazi jambo moja la mwisho. Hesabu hii ifanyeni pamoja na kijana mwenyewe, mezani, kwa kalamu na karatasi, wala msimfiche kitu. Kijana anayejua kwamba kila muhula umetoka katika nyavu za babaye na hisa za mamaye husoma kwa namna nyingine. Na mkisha kuhesabu, mkaona mzigo wabebeka, basi msiogope. Mpelekeni mtoto chuoni kwa moyo mkunjufu. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kulipa bila kuanguka ni yule aliyeujua uzito wa mzigo kabla hajajitwika.